Chumba cha Vitabu na Kelele Zake

Mwaka uliopita walimu wa shule moja ya msingi huku kwetu kando ya Ziwa Viktoria walinikumbuka mimi mzee wao, wakanialika nikate utepe wa chumba kipya cha maktaba. Nilikata utepe, nikapewa soda, nikaombwa nitoe neno. Neno lilinikwama kooni kwa sababu ya kibao kilichopigiliwa misumari juu ya mlango. Kilikuwa kimeandikwa kwa rangi nyekundu: KIMYA TAFADHALI. Ndani mlikuwa na rafu tatu za vitabu vipya vilivyokuwa bado vinanukia wino, meza mbili na madawati sita. Nje walikuwa wanafunzi wapatao arobaini, wamesimama mstari mmoja, kimya kweli kweli, utadhani wanasubiri kuchomwa sindano.

Niliwapongeza, nikaketi. Si adabu mgeni kusahihisha kibao cha wenyeji wake. Hata hivyo jambo lile halikunitoka moyoni, na nimeona afadhali niliandike hapa, mahali ambapo sitamwaibisha mtu isipokuwa mimi mwenyewe. Nalo ni hili: maktaba ya shule, kama nilivyoijua tangu nikiwa mtoto hadi nilipostaafu mwaka 2011, haikuwa mahali pa kimya hata siku moja. Ilikuwa baraza. Na pale ilipokuwa kimya, ilikuwa imekufa.

Vitabu vya kwanza nilivyovisoma bila kulazimishwa na mwalimu vilikuja ndani ya sanduku. Vijana wa leo hawawezi kujua sanduku lile, kwa hiyo nieleze. Mwaka 1948 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilianzisha shirika la vitabu, East African Literature Bureau, ambalo kazi yake ilikuwa kuchapisha vitabu kwa lugha za hapa na pia kuvifikisha kwa wasomaji. Kwa kuwa miji yenye maktaba ilikuwa ya kuhesabika kwa vidole, shirika hilo lilituma vitabu kwa posta, na lilituma masanduku ya vitabu kwa shule na vyama vya watu. Sanduku lilikaa mahali kwa muda, kisha likarudishwa, likaja jingine. Mimi nilianza darasa la tano mwaka 1963, nchi imekwisha kupata uhuru, lakini shuleni kwetu neno lilikuwa bado lile lile: sanduku.

Mwalimu wetu alilifungua Jumamosi asubuhi chini ya mwembe, baada ya kazi za usafi. Vitabu havikufika hamsini na sisi tulikuwa zaidi ya mia. Kwa hiyo hakuna aliyepata kitabu chake peke yake. Mmoja alikishika na kusoma kwa sauti, wawili walikaa kulia na kushoto wakifuata mistari, wengine walisimama nyuma wakichungulia juu ya mabega, na wale waliochelewa walikaa mbele ya msomaji, wakakiona kitabu kikiwa kichwa chini miguu juu. Msidhani natania: wapo waliojifunza kusoma hivyo hivyo. Nina rafiki, naye sasa ni babu wa wajukuu tisa, ambaye mpaka leo ukimwekea gazeti kinyume analisoma bila kuligeuza, na watoto humwona mganga.

Pale ndipo tuliposikia Hekaya za Abunuwasi na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Nasema tuliposikia, sikusema tuliposoma. Msomaji akikosea neno alizomewa. Akifika mahali pa kuchekesha alirudishwa nyuma asome tena. Ugomvi ulizuka kama ndugu za Adili walistahili adhabu ile au la, na ugomvi huo uliendelea njiani mpaka tulipoachana kwenye njia panda ya kisima. Mwalimu alikaa pembeni akishona kiatu chake, hasemi kitu. Leo namshukuru kwa kule kunyamaza kwake kuliko kwa masomo mengi aliyonifundisha.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kukosa vitabu tu, na kwamba mtu mstaarabu husoma peke yake bila kufungua kinywa. Mimi nina shaka. Mtakatifu Augustino ameeleza katika maungamo yake jinsi alivyoshangaa, mnamo karne ya nne, alipomkuta Ambrosi, askofu wa Milano, anasoma kwa macho tu na sauti haitoki. Kama jambo hilo lilimshangaza msomi mkubwa kiasi kile, basi hata huko Ulaya watu walikuwa wamezoea kusoma kwa sauti. Na pwani yetu tenzi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu zikaimbwa mbele ya watu. Mmoja alikuwa na karatasi, mtaa mzima ulikuwa na utenzi. Kusoma kwa kusikilizana ni kukongwe kwetu. Kibao cha kimya ndicho mgeni.

Baada ya uhuru serikali ilitunga sheria ya mwaka 1963 iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Rais Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Mwaka huo huo, mwezi Februari, lilikuwa limetangazwa Azimio la Arusha, na Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea. Nilikuwa kidato cha kwanza. Kwa hiyo kizazi chetu kilipata mambo mawili kwa pamoja, vitabu na majembe, na kusema kweli majembe ndiyo yaliyotufikia kwanza.

Mwaka 1971 niliingia Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza. Hapo tulifundishwa utunzaji wa maktaba ya shule: namna ya kuandikisha kitabu kwenye daftari la mapokezi, mahali pa kugonga muhuri, namna ya kupanga vitabu kwa tarakimu za Dewey, Mmarekani aliyeubuni mpango wake mwaka 1876. Ni elimu nzuri, nami niliipenda. Lakini nilichojifunza hasa katika maktaba ya chuo nilijifunza jioni, baada ya chakula, tulipokutana watu wa Ukerewe, Bukoba, Musoma, Shinyanga na Kigoma kwenye meza moja ndefu. Gazeti la Uhuru lilifika limechelewa, tukaligawana kurasa. Mmoja alisoma habari za siasa, mwingine alisubiri ukurasa wa mpira kana kwamba anasubiri mshahara. Mwaka huo Kezilahabi alikuwa ametoa Rosa Mistika, kitabu ambacho kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni. Nakala moja iliingia bwenini kwetu, nani aliileta haikujulikana, ikasomwa ndani ya kurasa za gazeti. Sijapata kuona gazeti likisomwa kwa bidii namna ile. Tulibishana usiku kucha kama baba mkali humlinda binti au humpoteza, na mimi niliyekuwa upande wa baba nikashindwa. Mabishano yale yalinifundisha ualimu kuliko mtihani wa ualimu.

Nilianza kazi mwaka 1973 katika shule yenye madarasa manne ya matofali mabichi na kabati moja la vitabu ofisini. Mwaka uliofuata watu wakahamishwa kwenye vijiji, shule ikajikuta katikati ya kijiji kikubwa, na kijiji hakikuwa na jumba lolote la kukutania. Ilikuwa pia enzi ya kisomo. Rais alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika mikoa yetu ya Ziwa, tangu 1968, ulikuwapo mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, makao yake Mwanza, ambao uliwafundisha watu kusoma kwa kutumia habari za kazi zao, kama vile kilimo cha pamba na uvuvi. Mchana watoto walisoma, alasiri wazazi wao waliketi kwenye madawati yale yale, magoti yamegonga mbao.

Hapo mwalimu mkuu wangu, ambaye hakupata kusoma chuo cha maktaba, alifanya jambo la busara. Alilitoa kabati ofisini, akaliweka katika stoo iliyokuwa ya majembe, akaondoa mlango wa kabati akautumia kama meza. Hakuna aliyepaita maktaba. Paliitwa chumba cha vitabu. Saa tisa na nusu, kengele ikigongwa, chumba kilijaa. Watoto waliosubiri mama zao wamalize kisomo walikaa humo. Mama aliyeshindwa na herufi aliingia kumwuliza mwanawe, na mwana, akijua kwamba wakati huo yeye ndiye mwalimu, alijikohoza kwanza. Wazee waliingia na barua zao wasomewe. Gazeti la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho, lilisomwa mpaka likachanika kwenye mikunjo. Vitabu vilivyotoka gamba tulivigandisha kwa uji mzito wa unga wa muhogo, na mende wakafurahi sana.

Nisisahau wasichana. Mvulana akitoka shuleni alikuwa huru, aende ziwani au uwanjani. Msichana alikwenda kisimani, kuni, jikoni, mdogo wake mgongoni. Chumba cha vitabu kilikuwa udhuru pekee ambao mama, akiwa mwenyewe mwanakisomo, aliukubali: nilikuwa chumba cha vitabu. Nusu saa hiyo walikaa wasichana kumi, kumi na watano, wakisukana nywele huku mmoja anasoma. Mwalimu mwenzangu alilalamika kwamba wanafanya maktaba kuwa saluni. Wavulana nao, nadhani mnakisia, walianza kupenda vitabu ghafla. Si kitu. Walioingia kwa sababu ya wasichana walikaa kwa sababu ya Abunuwasi, na palikuwa mahali pa wazi, mbele ya mwalimu na wazazi, ambapo mvulana na msichana waliweza kubishana jambo la maana bila kusingiziwa.

Ndipo ikaja UPE. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aende shule, na mwaka 1977 likatekelezwa nchi nzima. Kufikia 1980 shule za msingi zilikuwa na watoto zaidi ya milioni tatu. Mimi si miongoni mwa wanaoibeza UPE. Nimeona watoto wa wachunga ng'ombe wakiandika majina yao. Lakini watoto wale walihitaji pa kukaa, na kila mwalimu mkuu alitazama majengo yake akaona chumba kimoja tu kisicho na darasa. Vyumba vya vitabu vikawa darasa la kwanza mkondo C. Kisha vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na baada ya vita uhaba wa kila kitu, karatasi ikiwemo. Watoto waliandika kwenye mchanga. Nani angeuliza habari ya maktaba?

Yaliyofuata baadaye yanajulikana, sitayarefusha. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao uliwasaidia wachapishaji kutoa vitabu vya hadithi vya Kiswahili na kuvigawa mashuleni, na hapo tukaanza tena kuona vitabu vyenye picha. Mwaka 2002 ukaja MMEM, ada zimefutwa, madarasa yakajengwa, fedha za vitabu zikaletwa, ingawa vingi vilikuwa vya kiada na hadithi zilikuwa chache. Na chumba nilichokata utepe ni tunda la juhudi za wazazi wenyewe.

Lakini kuna miaka niliyoiruka, na niliiruka kwa makusudi.

Mwaka 1981 nilifanywa mwalimu mkuu katika shule nyingine, si mbali na ziwa. Nilikuta vitabu vimefungwa kwenye magunia, nikagawa ofisi yangu kwa ukuta wa mabanzi, upande mmoja mimi, upande wa pili vitabu na watoto. Kwa miaka mitatu nilifanya kazi yangu ya leja nikisikia kelele za hadithi kupitia nyufa. Tulipata hata nakala ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kitabu kile cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, alichokimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na ambacho tafsiri yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1980. Mzee mwenyewe akafariki mwaka 1981, nakala hazijamfikia mkononi. Wazazi wa Kikerewe waliokuwa kijijini walikuja jioni kukisikiliza, wakawasahihisha watoto mambo ya ukwe na ya kutega samaki.

Mwaka 1984 akaja mkaguzi. Alikuwa mtu wa haki, alifanya kazi yake. Alichukua daftari la vitabu, akahesabu: vilivyoandikishwa 412, vilivyoonekana 263. Akaniuliza vingine viko wapi. Nikasema viko kwa wasomaji. Akaniuliza wasomaji gani, wameandika wapi. Sikuwa na jibu, kwa maana daftari la kuazima lilikwisha kurasa na daftari jipya halikupatikana dukani. Akaandika katika taarifa yake kwamba mali ya serikali imepotea mikononi mwa mwalimu mkuu, nami niwajibike. Nilikuwa na watoto watano na mshahara usiotosha sukari. Nikaingiwa na hofu. Kesho yake nilinunua kufuli.

Kelele zikakoma. Kwa wiki mbili tatu watoto walikuja kuchungulia kwenye nyufa za mabanzi, kisha wakaacha. Wasichana walirudi kisimani. Alikuwapo mmoja wa darasa la saba, msomaji hodari, mwenye sauti iliyowanyamazisha hata wakubwa. Kabla ya mwaka kwisha aliolewa. Sisemi kwamba kufuli langu ndilo lililomwoza. Nasema kwamba alikuja ofisini mara mbili kuniuliza chumba kitafunguliwa lini, na mara zote mbili nilimwambia asubiri.

Mwaka 1987 nilikwenda kwenye kambi ya wavuvi kumpa pole mzazi aliyefiwa. Ilikuwa wakati wa mbalamwezi, ambapo dagaa hawavuliki kwa taa na wavuvi hupumzika wakishona nyavu. Kwa mbali nikasikia sauti moja inayosoma. Walikuwa wanaume kama kumi na wawili wamezunguka karabai, na katikati kijana wa miaka kumi na sita hivi, mkononi kitabu kisicho na gamba. Kilikuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ile ya mwaka 1929. Nilisimama gizani nikasikiliza. Walikuwa wamefika pale yule kikongwe mchawi anapowafungia wasafiri ndani ya chumba cha hazina kwa mlango wa jiwe, na taa yao inakaribia kuzima.

Kijana akaniona. Akasimama, akasema, "Shikamoo, Mwalimu," akakitoa kitabu kwa mikono miwili. Kaka yake ndiye aliyekiazima kwangu mwaka 1983, akampa yeye alipohamia Geita. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na muhuri wa shule yangu.

Nilikichukua. Ndiyo, nilikichukua, mbele ya watu wale kumi na wawili. Niliwashukuru kwa kukitunza, nikarudi nacho, nikafungua leja nikaandika kwa wino mwekundu: kimepatikana. Vilikuwa sasa 264. Kisha nikakifungia pamoja na vingine.

Kilikaa ndani miezi kumi na minne. Mwishoni mwa mwaka 1988 waliletwa walimu wapya, mmoja wao binti aliyetoka chuo kile kile nilichosoma mimi. Wiki ya pili akaja kuniomba ufunguo. Nikamsomea habari ya mkaguzi, idadi, wajibu. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa, Mwalimu Mkuu, vitabu hivi vinamsubiri nani?" Hakuwa na dharau; alitaka kweli kujua. Nilikaa kitambo. Nikampa ufunguo, na jioni ile nikasikia tena kelele kupitia mabanzi, wakasoma vibaya, wakazomeana, na mimi leja ikanishinda.

Mwezi ulipoandama na kujaa nilichukua Mashimo, nikapanda baiskeli mpaka kambini. Kijana hakuwapo, alikuwa amekwenda kuvua kwenye visiwa, na hakuna aliyejua atarudi lini. Wengi walikuwa wapya. Lakini mzee mmoja mshona nyavu alinitambua kwa mbali, na kabla sijaegesha baiskeli wala kumaliza salamu akaniuliza:

"Mwalimu, wale wazungu, walitoka mle pangoni?"

Nikaomba karabai isogezwe. Sikuwa nimezoea kuwasomea watu wazima, na macho yalikuwa yameanza kunisumbua. Nilifungua pale pa mlango wa jiwe. Mvuvi mmoja kijana, ambaye hakuwapo mara ya kwanza, akasema hapana, aanze mwanzo. Wakabishana. Wakashinda waliotaka mwanzo.